Star Trek ya karatasi katika joto la Dar: kukagua, kukausha na kuunga gundi

Ukipekua milundo ya vitabu vya mtumba inayotandazwa kandokando ya njia katikati ya mji, huenda ukakutana na kijitabu chembamba chenye chombo cha angani juu ya jalada na jina la James Blish. Hizo ni hadithi fupi alizoziandika kutokana na miswada ya Star Trek, kipindi cha televisheni cha safari za angani kilichorushwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969. Kampuni ya uchapishaji ya Bantam ilitoa kitabu cha kwanza 1967. Blish alifariki 1975, na cha kumi na mbili kikamaliziwa na mkewe, J. A. Lawrence, kikatoka 1977. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo aliyekisoma Dar miaka ya 1970 hakuwa na picha ya kulinganisha: hadithi ndiyo ilikuwa kipindi chenyewe.

Kabla ya kutoa hela, fungua nyuma ya ukurasa wa jina. Bantam iliorodhesha hapo chapa kwa mwezi na mwaka, na ya mwisho katika orodha ndiyo uliyoshika. Tarehe ya 1967 iliyo juu isikudanganye kama chini yake kuna nyingine kumi. Kisha hesabu hadithi. Kitabu cha kwanza kina 7. Usitafute kwa majina ya vipindi tu, maana Blish alibadili baadhi: “The Man Trap” humo inaitwa “The Unreal McCoy”, na “Charlie X” ni “Charlie's Law”. Pitia namba za kurasa hadi mwisho bila kuruka. Karatasi za mwisho ndizo zinazodondoka kwanza, na hadithi isiyo na mwisho ni hasara hata ukipewa bure.

Sasa kinuse. Harufu ya vumbi na karatasi kuukuu si tatizo, lakini harufu ya kabati lililofungwa wakati wa masika ni ukungu. Kiinamishe kwenye mwanga: madoadoa ya kahawia bapa ni ya zamani na hayadhuru sana, ila manyoya meupe au ya kijani yaliyoinuka juu ya karatasi yako hai. Rangi ya njano inayoanzia kingoni kuelekea katikati ni jambo jingine. Karatasi ya vitabu hivi ilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na imebeba asidi yake yenyewe, ambayo joto na unyevu huiongezea kasi. Huwezi kuirudisha kuwa nyeupe nyumbani. Unachoweza ni kuipunguzia mwendo.

Kosa kubwa la mjini kwetu ni kuanika kitabu juani kama dagaa. Jua hukausha upande mmoja haraka, karatasi zikajikunja, rangi nyekundu ya jalada ikapauka, na gundi ya mgongo ikakakamaa. Kama kina unyevu tu, kisimamishe wima kivulini, kurasa zimeachana kidogo, chini ya pangaboi lenye kasi ndogo, siku mbili au tatu. Kama kimelowa, weka karatasi nyeupe za kufutia jikoni kila baada ya karatasi kumi, uzibadilishe kila saa mbili au tatu siku ya kwanza. Gazeti usitumie, wino wake utahamia. Ukungu huweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo kama huna nafasi leo, kifunge na ukitie kwenye friza mpaka utakapoipata. Pasi na mashine ya kukaushia nywele ni adui.

Ukungu hausuguliwi ukiwa mbichi, kwani kitambaa chenye maji huusukuma ndani ya nyuzi za karatasi. Kausha kwanza mpaka ugeuke vumbi, kisha vaa barakoa, toka nje penye kivuli, ufagie kwa brashi laini ya rangi kutoka mgongoni kwenda kingoni. Doa litabaki. Liache. Harufu inayosalia hupungua ukikifungia kitabu wiki moja ndani ya ndoo yenye mfuniko, pamoja na vipande vya mkaa vilivyofungwa ndani ya kitambaa. Mkaa usiguse jalada.

Kitabu kigeni nyumbani kisiingie rafu moja na vingine kabla ya kushughulikia wadudu. Kizungushie nailoni ya kufungia chakula mara mbili, kisha friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika muda mrefu na baridi ya friza ikapungua, anza kuhesabu upya. Ukikitoa, usikifungue kwa saa 24, la sivyo hewa ya Dar itageuka maji juu ya karatasi baridi na utakuwa umejitengenezea ukungu mwingine.

Mgongo ndio unaotaka mkono mtulivu. Vitabu hivi havikushonwa: karatasi zilikatwa na kubandikwa kwa gundi, ambayo kwa miaka hii yote imekuwa ngumu kama ukoko. Ukikilaza wazi mezani, kitapasuka katikati palepale. Karatasi moja iliyong'oka hurudishwa hivi: funika ukurasa wote kwa karatasi chakavu, ukiacha ukingo wa ndani wa milimita 2 tu, paka gundi nyeupe ya mbao kwa brashi nyembamba, ichomeke mpaka ikae sawa na wenzake, weka karatasi ya kuokea pande zote mbili ili isishike jirani, funga, ukandamize chini ya vitabu vizito usiku kucha. Kingo ikizidi hiyo milimita 2, ukurasa utavuta wa pili yake na maneno ya ndani hayatasomeka. Mgongo uliopasuka vipande viwili hutiwa uzi mwembamba wa gundi ndani ya ufa, kisha kitabu kikabanwa kati ya vibao viwili kwa mpira kwa saa 24. Usitumie selotepu. Gundi yake hugeuka njano, ikavuja na kuchafua maandishi. Gundi ya uji wa ngano ni nzuri kwa karatasi, ila kwa joto letu huchacha upesi na mende wanaipenda. Fundi wa steshenari akikwambia atalitia jalada “laminesheni”, kataa: plastiki ikishabandikwa kwa joto haitoki tena.

Kwa kuhifadhi, boksi la plastiki la lita 10 lenye mfuniko unaobana hubeba kama vitabu 20 bila kusongamana. Ndani yake weka gramu 100 hivi za silika jeli, punje zinazofyonza unyevu, ndani ya mfuko wa kitambaa, na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 45 hadi 55. Kikivuka 60, itoe silika uikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Ikishuka chini ya 30, punguza silika, maana gundi kavu kupita kiasi hukatika. Mchele hauna nguvu ya kutosha, na utaleta fukusi. Kava za nailoni za madaftari hunata kwenye wino wa jalada, kwa hiyo tumia bahasha ya karatasi tupu.

Kurasa zinazokatika zikiguswa zisomee kwenye simu. Piga picha ukurasa mmoja mmoja kwa mwanga wa dirisha asubuhi, bila flashi, na karatasi nyeusi nyuma yake ili maandishi ya upande wa pili yasipenye. Ni kwa kusoma mwenyewe: haki za hadithi hizi zina wenyewe. Anza na “The City on the Edge of Forever” katika kitabu cha pili, cha 1968. Humo Blish alichanganya mswada wa awali wa Harlan Ellison, mwandishi wa kipindi hicho, na kile kilichorushwa, na ameweka tanbihi akieleza hivyo. Iko chini kabisa ya ukurasa, kwa hiyo usiikate kwenye picha.