Kutoka ubao wa grafu hadi mchezo wa sauti: kumfundisha asiyeona pande na umbali

Mwanafunzi asiyeona akikwama kwenye grafu, mara nyingi kinachomkwamisha si hesabu. Anachanganya kulia kwake, ambako huhama kila anapogeuka, na mashariki, ambako hakuhami. Maliza hilo kabla hajagusa ubao. Asimame uso ukielekea kaskazini. Hapa Dar es Salaam, Bahari ya Hindi itakuwa upande wa mkono wake wa kulia. Ageuke robo duara kulia, kisha muulize bahari iko wapi sasa. Iko mbele yake, na ni yeye aliyehama. Zungukeni pande zote nne mpaka ajibu bila kusita.

Ubao unatengenezwa kwa kipande cha softbodi cha sentimita 30 kwa 30. Mafundi wa dari huwa na mabaki. Bandika uzi mwembamba kwa gundi ya mbao kila baada ya sentimita 2.5, mistari 11 ya wima na 11 ya mlalo, kutoka -5 hadi 5. Mihimili miwili ya katikati iwe ya kamba ya katani, maana nyuzi zote zikiwa na unene mmoja kidole kinapotea. Pale mihimili inapokutana, bandika kifungo cha shati. Kata kidogo kona ya juu kulia ili ajue ubao umekaa sawa. Uache ukauke usiku kucha, na wakati wa masika hata zaidi, kwa sababu gundi mbichi huachia uzi utelezeke na miraba ikapinda.

Usijaribu miraba midogo kama ya daftari la grafu. Nukta za breili ndani ya herufi moja zimeachana kwa takriban milimita 2.5, na kuzisoma kunataka mazoezi marefu. Mistari inayokatana inahitaji nafasi zaidi.

Mkono wa kushoto ukae kwenye kifungo, wa kulia usafiri. Usimshike mkono ukauvuta: weka wako chini ya wake, naye afuate akitaka. Maneno "hapa" na "pale" hayamsaidii kitu. Hata "juu" humchanganya ubao ukiwa umelala mezani, kwa hiyo mwambie "mbali na kifua".

Sasa chomeka pini kwenye (0, 0), (3, 0) na (3, 4), uzizungushie rababendi. Mpe kamba yenye mafundo kila sentimita 2.5. Kila fundo hula kamba, kwa hiyo kaza kwanza ndipo upime nafasi inayofuata. Akifuata nyuzi atahesabu hatua 3, kisha 4, jumla 7. Akinyoosha kamba moja kwa moja toka kifungo hadi pini ya mwisho atapata nafasi 5. Hapo ndipo kanuni ya Pythagoras, 3 × 3 + 4 × 4 = 5 × 5, yaani 9 + 16 = 25, inapomwingia; fomula iandikwe baadaye.

Kwenye mchezo wa sauti, yaani mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa kusikiliza, rudia safari ileile: lengo liwe hatua 3 mashariki na 4 kaskazini, huku ubao uko pembeni ya kibodi. Kwa kompyuta ya Windows, kisoma skrini cha NVDA, programu inayotamka yaliyo kwenye skrini, ni cha bure. Tumia hedifoni za waya, kwani nyingi za bluetooth huchelewesha sauti. Hakikisha herufi R iko sikio la kulia, la sivyo ramani nzima inageuka, na uzime sauti ya mono kwenye mipangilio, maana hiyo inafuta kushoto na kulia kabisa.

Kuna jambo linalowatesa wengi: kwa stereo ya kawaida, kitu kilicho mbele hasa na kilicho nyuma hasa husikika sawa. Baadhi ya michezo hushusha sauti ya vilivyo nyuma iwe nzito. Usipokuwepo msaada huo, mchezaji ageuke kidogo kulia. Sauti ikihamia sikio la kushoto, kitu kiko mbele; ikihamia la kulia, kiko nyuma. Mwache ageuke kwa miguu, chumbani, kabla ya kubonyeza kitufe.

Anayetaka kutunga mchezo wake mwenyewe aambiwe mapema kwamba kwenye skrini ya kompyuta sifuri kwa kawaida iko kona ya juu kushoto, na y huongezeka kwenda chini. Kwenye ubao wake kifungo kihamie kwenye kona hiyo, na nukta zote azihesabu upya.