Taa zinawaka, kioo cheusi: kuandika upya chipu ya ROM

Laptopu imeletwa mezani. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Wengi wetu hukimbilia RAM, yaani vipande vya kumbukumbu ya muda, na si vibaya: zichomoe, safisha meno yake kwa kifutio, zirudishe moja moja. Ikigoma, bonyeza Caps Lock. Taa yake isipobadilika, mimi naanza kuishuku ROM, chipu inayotunza programu ya kuwashia mashine.

Sababu ni hii. Umeme unapoingia, RAM ni tupu na prosesa haijui hata kama kuna diski. Prosesa za jamii ya x86, yaani za Intel na AMD, huanza kusoma mahali pamoja tu, baiti 16 kabla ya kikomo cha GB 4, na anwani hiyo inaangukia kwenye chipu ya ROM. Humo mna programu ya kuwashia, BIOS, au UEFI kwa mashine za sasa. Ndiyo inayoamsha RAM, kukagua kibodi na kioo, kisha kuikabidhi kazi Windows au Linux. Yaliyomo yakivurugika, hata ukifunga diski mpya hutapata kitu.

ROM maana yake "kumbukumbu ya kusoma tu", ila siku hizi hilo ni jina la mazoea. ROM za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa na data isiyobadilika. EPROM zikaja na kidirisha juu, unazifuta kwa mwanga wa urujuanimno. Za leo ni flashi, zinaandikika kwa umeme, na hapo ndipo balaa lilipo: umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, unabaki na nusu ya programu. Mwaka 1999 kirusi cha CIH kilipitia mlango huo huo na kuziua kompyuta nyingi.

Hatua ya 1. Toa chaja, betri, na kile kibetri cha CR2032. Tafuta chipu ya miguu 8, mara nyingi imeandikwa 25Q64 au 25Q128. Maandishi yakiwa hafifu, piga picha kwa simu uikuze.

Hatua ya 2. Usiguse kitu kabla ya kujua volti. W25Q64FV inataka volti 3.3, W25Q64FW inataka 1.8. Herufi moja tu! Programa ya CH341A, kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu, haishuki hadi 1.8 bila adapta yake. Tena zipo CH341A nyeusi zinazotoa volti 5 kwenye nyaya za data. Pima kwa mita kwanza.

Hatua ya 3. Nukta iliyo juu ya chipu inaonyesha mguu wa kwanza. Bana miguu ya chipu kwa klipu iliyounganishwa na programa; waya mwekundu wa klipu ukae upande huo.

Hatua ya 4. Chomeka programa kwenye kompyuta nyingine yenye programu ya flashrom. Soma mara mbili, ulinganishe:

flashrom -p ch341a_spi -r asili1.bin
flashrom -p ch341a_spi -r asili2.bin
sha256sum asili1.bin asili2.bin

Namba mbili ndefu zinazotolewa na sha256sum zikitofautiana, klipu haijashika vizuri, ibane upya. Faili la 25Q64 liwe na baiti 8,388,608 kamili. Ukilifungua ukakuta FF mwanzo hadi mwisho, shuku klipu kabla ya chipu.

Hatua hii usiiruke hata kama mteja amekusimamia kichwani. Niliwahi kuiruka. Nikafuta, nikaandika faili nililolipata mtandaoni, mashine ikawaka, nikajiona fundi. Kesho yake imerudi: namba yake ya utambulisho na anwani ya MAC, ile ya kadi ya mtandao, ni za mashine nyingine, na Windows inadai leseni. Vyote vilikuwa ndani ya chipu ile, na nakala sina.

Hatua ya 5. Faili la BIOS kutoka kwa mtengenezaji ni nadra kulingana na chipu baiti kwa baiti. Kwenye mashine za Intel chipu hubeba pia sehemu nyingine, kama ME (Management Engine, programu ya Intel yenyewe). Fungua nakala yako kwa UEFITool, programu ya kuchambua faili za BIOS, badilisha sehemu ya BIOS peke yake, rudishia namba za mwenye mashine kutoka nakala ya asili, kisha andika:

flashrom -p ch341a_spi -w mpya.bin

Subiri neno VERIFIED. Lisipotokea, usitoe klipu, andika tena.

Hatua ya 6. Rudisha betri zote, washa, halafu tulia. Mara ya kwanza kioo kinaweza kukaa cheusi dakika nzima, hata mashine ikajizima na kujiwasha, kwa sababu BIOS inaipima RAM upya. Ikiwaka, rekebisha tarehe na saa; ulipotoa kibetri zilipotea.