Oili ya gia boksi ya Vespa: anza na klachi

Ingia duka lolote la spea pale Majengo, Dodoma, useme unataka oili ya gia boksi, na mara nyingi utapewa namba 90. Muuzaji ana sababu yake, kwa kuwa gia boksi za magari mengi hutumia hiyo. Lakini Vespa ya gia za mkononi, iwe 150 Super, PX au Bajaj Chetak ya zamani, klachi yake imo ndani ya kasha hilohilo la gia. Pleti zenye koki zinaogelea kwenye oili ileile inayolainisha meno ya gia. Kwa hiyo klachi ndiyo inayoamua ununue nini.

Oili inayotakiwa ni ya injini, namba 30 (kwenye chupa huandikwa SAE 30), mililita 250. Kiwango hicho kinatosha injini za Vespa kubwa za gia za mkononi.

Namba huwachanganya watu wengi, maana 90 inaonekana kama mara tatu ya 30. Sivyo. Oili za injini zina kipimo chao na oili za gia zina chao. Kwenye joto la nyuzi 100, oili ya gia namba 90 ina unene unaokaribia oili ya injini namba 40 hadi 50, na ya gia namba 80 iko karibu na namba 20 au 30 ya injini. Tatizo la 90 ndani ya Vespa si unene peke yake. Nyingi zinazouzwa ni za daraja la GL-5, zilizowekwa dawa kali ya salfa na fosforasi ili kulinda meno ya difu, yanayosuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Gia za Vespa hazina msuguano wa aina hiyo, hivyo dawa hiyo haina kazi humo, na inaweza kula sehemu za shaba zilizomo. Dalili za unene utaziona mapema: asubuhi ukikamata klachi na kuweka gia ya kwanza, Vespa inajivuta mbele, au gia inaingia kwa kishindo na nyutro haipatikani kirahisi.

Kosa la upande wa pili ni kutia oili nyepesi ya magari mapya. Chupa nyingi za 5W-30 au 0W-20 zimeandikwa "Energy Conserving" au "Resource Conserving". Maana yake zina dawa ya kupunguza msuguano, wakati klachi inaishi kwa msuguano. Ukipanda kilima cha Ntyuka na abiria, injini italia bila mwendo kuongezeka.

Usipopata SAE 30 yenye namba hiyo moja tu, chukua oili ya pikipiki ya 4T (ya injini za mipigo minne), 10W-30 au 10W-40, iliyoandikwa JASO MA au MA2. Alama hiyo inamaanisha oili imepimwa kwa klachi inayoloa. Ikiwa imeandikwa JASO MB, iache. Ile 20W-50 ya bodaboda inakubalika kwa dharura kama ina alama ya MA, na kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba haitakusumbua sana; asubuhi za Juni na Julai ndipo klachi itachelewa kuachia. Baridi yetu si ya kuganda, kwa hiyo huna sababu ya kulipia zaidi oili ya sintetiki. Na oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) ni ya kuchanganya na petroli tu. Usiitie kwenye gia boksi hata kama chupa imebaki nusu.

Mwenye Lambretta, skuta ya kampuni nyingine, asifuate maelezo ya hapo juu kuhusu namba. Lambretta za Li na GP zinatumia SAE 90, takriban mililita 700, na hapo chagua GL-4, usichukue GL-5, kwa sababu bushi za shaba zimo na klachi nayo inaloa.

Kubadilisha ni kazi ya nusu saa. Endesha kwanza dakika kumi ili oili iwe nyepesi. Futa vumbi kote kuzunguka bolti mbili kabla ya kufungua chochote. Vumbi letu jekundu likiingia humo halina filta ya kulizuia. Bolti ya chini ya kumwagia kwa kawaida ni spana namba 11, na ya kujazia, yenye maandishi OLIO karibu yake, hufunguliwa kwa bisibisi bapa pana au spana. Legeza ya kujazia kwanza. Ikigoma, hujamwaga kitu bado na unaweza kwenda kwa fundi ukiendesha.

Acha idondoke dakika 20, kisha chovya kidole kwenye oili chafu. Ute wa kijivu usio na chembe ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyometa na kukwaruza ni meno au msalaba wa kuchagulia gia. Gia inayoruka yenyewe ukiongeza mafuta ni msalaba uliolika, na hakuna oili itakayoitibu. Rangi ya maziwa ni maji. Harufu ya petroli inaelekeza kwenye sili ya krenki upande wa klachi.

Rudisha bolti ya chini kwa washa mpya na spana fupi. Kasha ni aluminiamu na uzi wake unaliwa kwa urahisi sana. Ukihisi imeshika, ongeza kidogo tu. Simamisha Vespa wima mahali tambarare. Bomba la sindano la mililita 50 kutoka duka la dawa, lenye mpira mwembamba mbele, linajaza vizuri kuliko faneli: mara tano, basi. Oili ikianza kuchuruzika kwenye tundu imetosha. Usiilaze Vespa ili iingie zaidi, kwa kuwa ziada hutafuta njia ya kutokea, na mara nyingi njia hiyo ni sili ya gurudumu la nyuma, kisha brekishuu.

Badilisha kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka. Injini iliyofunguliwa na kufungwa upya, badilisha baada ya kilomita 500. Safisha pia tundu la kupumulia lililo juu ya kasha, hasa baada ya safari za barabara za vumbi. Likiziba, joto husukuma oili kupita sili hata kama ni nzima.

Oili ikipungua bila tone chini, na ekzosi ikitoa moshi mzito hata injini ikiwa imepata moto, injini inaivuta oili kupitia sili ileile ya krenki. Kuongeza oili kila wiki kunaahirisha tu. Injini inabidi ipasuliwe.

Kama namba 90 au oili ya gari imeshaingia, mwaga yote, tia SAE 30 mililita 250, endesha kilomita chache ukibadilisha gia zote, mwaga tena, ujaze nyingine mpya. Klachi ikiendelea kuteleza, nunua pleti mpya, na uziloweke usiku kucha kwenye oili hiyohiyo kabla ya kuzifunga. Koki kavu huungua kwenye kilima cha kwanza.