Bei ya dunia ikiruka, piga hesabu ya dumu linalofuata

Wenye maduka ya rejareja, hili linaokoa mtaji. Tuseme dumu la mafuta ya kula la lita 20 ulinunua 90,000, ukapima mpaka likaisha, ukabaki na 98,000. Unajiona umepata faida. Ukifika kwa jumla unaambiwa 105,000. Hapo umekula mtaji bila kujua!

Ndivyo ilivyokuwa 2022: vita ya Ukraine ilibana mafuta ya alizeti, kisha Aprili 28 Indonesia, mzalishaji mkubwa wa mawese duniani, ikazuia kuyauza nje.

Kwa hiyo kila Ijumaa mpigie mtu wako wa jumla, uliza bei ya leo, andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Ikipanda mara mbili mfululizo, badilisha bei yako hata kama dumu la zamani bado limejaa. Wateja watanuna siku mbili tatu. Wapimie hata cha mia tano, wasiondoke mikono mitupu.

Ila usikope ujaze stoo. Indonesia ilifungua tena Mei 23, na bei ikishuka mzigo wa mkopo unakulalia wewe.