Kabla ya Kusaini Karatasi za Elimu Maalum: kwa wazazi wa Kivu walio Marekani

Saa nne usiku, nikiwa kwa mama, mtaa wa Nguba, hapa Bukavu, simu ikalia. Ni mdogo wangu, yuko Marekani mwaka wa pili sasa. Kwake ilikuwa saa kumi jioni, ametoka kumchukua kijana wake shuleni. Akatuma picha za karatasi, moja baada ya nyingine, kumi na nne, intaneti ya huku ikizifungua kwa shida. "Dada, wanazitaka kesho asubuhi. Nisaini?"

Sebule nzima ilikuwa na jibu. Mjomba: asaini, walimu wa kule wanajua kazi yao. Shangazi: asithubutu, wataandika mtoto ni kichaa na jina hilo halitafutika. Mama alinyamaza kwanza, halafu akauliza: "Karatasi yenyewe inasema nini?"

Nimefasiri vikao vingi vya shule kwa Wakongo wa kule, na swali hilo ndilo wazazi wetu hawaliulizi. Kwetu, ukiitwa na direkta unavaa vizuri, unasikiliza, unashukuru, unarudi nyumbani. Kunyamaza ni adabu. Kule, ukinyamaza wanadhani umekubali.

Tukazisoma zile picha. Ukurasa mmoja tu ndio uliotaka saini: ruhusa ya kumfanyia mtoto tathmini. Zilizobaki zilikuwa kijitabu cha haki za mzazi. Na hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Kuna saini ya kuruhusu mtoto apimwe. Kuna ya kuonyesha tu kwamba ulihudhuria kikao. Na kuna ya kuruhusu huduma zianze. Ni saini tatu tofauti. Ukikubali apimwe, hujakubali huduma. Na huduma za mwanzo haziwezi kuanza bila ruhusa yako ya maandishi. Hata baadaye unaweza kuiondoa, kwa maandishi vilevile. Ukiona hujaelewa, sema unaipeleka karatasi nyumbani. Hakuna atakayekufukuza chumbani.

Sheria ya Marekani inayosimamia haya yote inaitwa IDEA. Ilipitishwa mwaka 1975 kwa jina jingine, ikapewa jina hili mwaka 1990. Inaitaka shule ya serikali impe mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa, bure, kuanzia miaka 3 na kwa kawaida mpaka 21, isipokuwa akipata diploma ya sekondari mapema. Aliye chini ya miaka 3 ana huduma yake nyingine, kwa kawaida hashughulikiwi na shule. Wanaoogopa kwa sababu ya karatasi za uhamiaji wajue kwamba tangu mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mtoto hanyimwi shule ya serikali kwa sababu hiyo.

Kama shule haijakuita na wewe unaona mtoto anakwama, usingoje. Na usiishie kumwambia mwalimu mlangoni, maana maneno ya mlangoni hayana tarehe. Andika barua au imeli: "Mimi ni mama wa fulani, darasa la pili. Naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalum, kwa sababu hawezi kufuata maagizo mawili kwa pamoja na maneno yake hayaeleweki hata kwa Kiswahili. Naomba mkalimani na jibu la maandishi." Weka tarehe, baki na nakala. Ukipata wa kukuandikia kwa Kiingereza, tuma zote mbili. Shule ikikataa kumpima, inapaswa kukuandikia sababu. Ikikubali, itakuletea ile karatasi ya ruhusa, na saa inaanza kuhesabu siku wanapoipokea ikiwa na saini yako: siku 60, au muda ambao jimbo lako limejiwekea. Akionekana anastahili, mpango wake wa elimu uwe umeandaliwa katika siku 30.

Kuhusu mkalimani: shule ndiyo inayomtafuta na kumlipa, wewe omba mapema tu. Usimpeleke binti yako wa darasa la tisa afasiri habari za mdogo wake. Na sema kabisa kwamba unataka Kiswahili cha Kongo. Niliwahi kukaa kikaoni ambapo mkalimani wa kwenye simu, Kiswahili chake kizuri cha pwani, alimwambia mama mmoja wa Uvira kwamba mtoto ana "usonji". Mama akaitikia kwa kichwa. Mara tatu akaitikia. Tulipotoka kwenye maegesho ndipo aliponiuliza usonji ni ugonjwa wa sehemu gani ya mwili. Nilipomwambia "otisme", aliketi kwenye ukingo wa barabara. Neno hilo alilijua. Kumbe wenzake wote kikaoni walidhani ameshalipokea.

Sasa suala la lugha, maana hapa ndipo watoto wetu wanapotea kwa pande mbili. Sheria inakataza kumwita mtoto mlemavu kwa sababu tu Kiingereza chake ni kidogo, au kwa sababu vita vilimkosesha masomo. Lakini pia "tumsubiri kwanza ajue Kiingereza" si sababu ya kukataa kumpima. Atakayetenganisha hayo mawili ni wewe, kwa ushahidi. Alianza kusema lini, kwa Mashi au Kiswahili? Ndugu zake wanamwelewa? Mrekodi kwa simu akisimulia jambo nyumbani. Na ndugu walio Bukavu au Goma wana kazi: watafute buletini za shule za zamani, karatasi za hospitali, fishi ya CPS, ile kadi ya kliniki ya watoto aliyopimiwa uzito akiwa mdogo. Waulize wa shule pia kama anaweza kupimwa kwa lugha yake. Sheria inawataka wafanye hivyo pale inapowezekana.

Ule mpango wa elimu wa mtoto huitwa IEP, na hata wasiojua Kiingereza wanaita hivyohivyo. Usihangaike na kurasa zote. Nenda kwenye malengo na dakika. Lengo lililoandikwa "ataboresha mawasiliano" ni hewa. Lengo ni "atasema sentensi ya maneno manne, mara 8 kati ya 10, bila kusaidiwa". Dakika nazo: na mtaalamu wa matamshi, dakika 30 mara 2 kwa wiki, peke yake au na wenzake? Ukiona "inapohitajika", omba namba. Mpango unapitiwa angalau kila mwaka, na tathmini hurudiwa angalau kila miaka 3, isipokuwa wewe na shule mkikubaliana haihitajiki.

Shangazi aliuliza kama mtoto atapelekwa kando. Huku, ukitaja mtoto mwenye shida, mawazo ya mtu yanaenda moja kwa moja Heri Kwetu, kituo cha wenye ulemavu hapa Bukavu. Kule kanuni ni kwamba abaki na wenzake darasani kadiri inavyowezekana. Kumtoa ndiko kunakohitaji maelezo. Na kama anahitaji tu marekebisho, tuseme ana kisukari na lazima ale kwa saa zake, kuna mpango mwepesi zaidi, wa 504, unaotoka kwenye sheria ya mwaka 1973.

Usipokubaliana na matokeo ya tathmini ya shule, omba tathmini huru kwa gharama ya shule. Shule ilipe, au yenyewe iombe shauri lisikilizwe rasmi ili ithibitishe kwamba ya kwake ilitosha. Usuluhishi ni bure. Malalamiko kwa jimbo yapelekwe kabla mwaka haujapita. Na kila jimbo lina kituo cha kuwasaidia wazazi wa watoto wenye ulemavu, bure. Mimi ningepigia hapo kabla ya kutafuta wakili.

Tulipomaliza, mdogo wangu aliamua kusaini, akaongeza mstari mmoja chini: "Naomba matamshi yapimwe kwa Kiswahili pia." Mama alikuwa chumbani, ameshafungua sanduku, anatafuta ile fishi. "Niandike tarehe gani?" mdogo wangu akauliza. Nikamwambia ya huko. Huku saa sita ilishapita.