Timu Mpya Imeletwa Mjini Kwenu? Namna ya Kuupitia Msimu Wake wa Kwanza

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Kwetu timu huchagui. Nilizaliwa nikaikuta Coastal Union nyumbani kama nilivyokikuta kinu na mbuzi ya nazi. Baba alikuwa Mgosi wa Kaya, yaani mtu wa Coastal, na mjomba aliyehamia kwa watani wetu African Sports kwa ajili ya mke alisemwa mpaka anazikwa. Kwa hiyo mwaka 2025, hapa San Diego ninakoendesha basi dogo la abiria wa uwanja wa ndege, nilipoamua kuishabikia San Diego FC, timu ambayo haijacheza hata mechi moja ya ligi, sikujua pa kuanzia. Hakuna mzee wa kumuuliza. Hakuna mtani wa jadi. Hata nyimbo hakuna. Nawaandikia walio katika miji ambayo timu yao bado ni nembo na jezi dukani.

Kwanza ijue imeingiaje ligini. Sisi tumezoea timu kupanda daraja. Tukuyu Stars walipanda, wakabeba ubingwa wa Tanzania mwaka 1986 wakiwa wageni, msimu uliofuata wakashuka. Marekani hakuna kupanda wala kushuka. MLS, ligi kuu ya soka ya huku, ilianza mwaka 1996 na timu 10, na anayetaka kuingia baada ya hapo ananunua kiti. San Diego FC ilikuwa ya 30, na kiti chake ni dola milioni 500. Mwenye timu ni Mohamed Mansour, tajiri mzaliwa wa Misri, akishirikiana na Wakumeyaay wa Sycuan, wenyeji wa asili wa ardhi hii. Jirani yangu hapa City Heights, Mkongo wa Bukavu, hakulala kwa jambo hilo.

"Sasa bakipoteza mechi yote?"

Basi wanarudi mwakani, kaka.

"Bila haya?"

Bila haya.

Maana yake kwako ni hii: usipoteze muda kuangalia mkia wa jedwali. Ligi imegawanywa Mashariki na Magharibi, kila timu inacheza mechi 34, na kinachotafutwa ni nafasi ya mtoano wa mwisho wa mwaka. Lakini pia usijidanganye kwamba pasipo kushuka hapana maumivu. FC Cincinnati waliingia MLS mwaka 2019, wakafungwa mabao 75 msimu huo, wakashika mkia wa ligi nzima, wakaushika tena 2020 na tena 2021. LAFC wa Los Angeles kwa upande wao waliingia mwaka 2018 na kuvuna pointi 57, zilizokuwa rekodi kwa timu mpya. Mimi nilijiandaa kwa Cincinnati.

Pili, jezi. Nunua, lakini usiandikishe jina mgongoni mwaka wa kwanza. Nakuambia kwa uchungu wa mfuko. Miezi kabla timu haijacheza, mabango yote ya mji yalikuwa na sura ya Hirving Lozano, yule winga wa Mexico aliyetoka PSV ya Uholanzi. Nusu ya wanaokaa karibu nami wana jina lake mgongoni, mimi mmojawapo. Aliyetubeba ni Mdenmark ambaye mwezi wa kwanza watu walikuwa wanauliza jina lake linatamkwaje, Anders Dreyer. Alifunga yote mawili tulipoanza ligi Februari 23 kwa kuwachapa LA Galaxy 2–0 kwao, tena wakiwa mabingwa watetezi, na alimaliza ligi na mabao 19. Timu mpya ni kama nyumba mpya, hujui chumba kipi kitapata upepo mpaka ukae. Subiri hadi Juni hivi, ndipo uchague jina.

Badala ya nyota, jifunze timu imeokotwaje. Kuna siku ya Desemba ambapo klabu kongwe zinaruhusiwa kuwaficha wachezaji 12 kila moja, na timu mpya inachagua mpaka watano kutoka kwa waliobaki. Kuna pia mnada wa wachezaji wa vyuo vikuu, ila hauna pesa, ni zamu tu, na zamu ya kwanza ilikuwa yetu. Tukamchukua Manu Duah, kijana wa Ghana aliyekuwa akisoma chuo cha UC Santa Barbara. Chuoni alikuwa akicheza mbele zaidi, hapa kocha Mikey Varas akamrudisha beki wa kati. Mimi nilisema kocha amelewa. Na wengine waliletwa kwa undugu, kwa sababu Mansour ndiye mwenye Right to Dream, akademi iliyoanzia Ghana mwaka 1999, na pia klabu ya Nordsjælland ya Denmark, ndiyo maana nahodha wetu Jeppe Tverskov alikuja na lafudhi ya huko. Ukilijua hili mapema utaelewa kwa nini timu iliyokutana juzi inapigiana pasi kama imelelewa pamoja. Wengine wao walilelewa pamoja kweli.

Sasa tiketi, na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotea.

Uwanja wetu ni Snapdragon, kule Mission Valley, mali ya chuo kikuu cha San Diego State, viti 35,000. Ukiambiwa chagua kiti, usiangalie bei peke yake, angalia jua. Mimi nilichukua upande wa mashariki kwa kuwa ulikuwa nafuu. Mechi nyingi ni saa moja na nusu jioni, nikajua nitakuwa kivulini. Sikujua kuwa kuanzia Mei mpaka Agosti jua la hapa halina haraka ya kuzama. Linashuka nyuma ya jukwaa la magharibi polepole kama mgeni asiyetaka kuaga, na robo saa ya kwanza unatazama mpira umeweka kiganja juu ya macho. Nina picha kumi na mbili za msimu ule ambazo zote nimepiga saluti. Kabla ya kulipa, nenda uwanjani siku yoyote, muda uleule mechi itakapochezwa, usimame upande uleule. Kama walinzi hawakuruhusu kuingia, simama nje ufuate kivuli.

Usiende na gari. Maegesho ni ghali, na kutoka kwake baada ya filimbi ya mwisho unaweza kusali Isha ndani ya gari. Mimi na Mkongo tunapanda basi mpaka Grantville, halafu treni ya Green Line, kituo cha pili unashukia mlangoni mwa uwanja. Behewa linajaa watu wa jezi, na nusu ya urafiki wangu wote wa msimu ule ulianzia humo, si uwanjani.

Na mfuko. Soma masharti ya mfuko. Machi 1, mechi ya kwanza nyumbani, dhidi ya St. Louis, nilifika na kikapu cha ukili alichonitumia mama, ndani yake visheti na chupa ya chai ya tangawizi. Binti wa getini alikitazama kikapu, akakigeuza, akanusa. Akaniambia kwa upole kwamba ni kizuri mno, na hakiingii. Wanataka mfuko wa plastiki angavu unaoonyesha mpaka mawazo yako. Chai nayo haiingii. Nikarudi kituoni, nikamkuta mama mmoja wa Chula Vista, jezi yake na ya mjukuu zinafanana, naye amerudishwa na pochi. Tukala visheti pale pale juu ya ukingo wa saruji, yeye anauliza hiki ni kitu gani, mimi namweleza kwa Kihispania cha kubabaisha kwamba ni unga, tui na sukari. Alikuwa na mfuko angavu wa ziada. Pochi yake na kikapu changu tukamwachia mwanawe aliyekuwa akisubiri kwenye gari, sisi tukaingia dakika ya 30. Matokeo yakawa 0–0, kwa hiyo sikukosa kitu. Watu 34,506 walikuwa ndani, na mimi nilikuwa nanukia iliki.

Jambo jingine la usiku ule silo la kucheka. Kila kipa wa wageni alipopiga mpira wa goli, sehemu ya watu walipaza lile tusi la Kihispania la kuwadhalilisha mashoga, na mchezo ukasimamishwa. Baada ya mechi kocha Varas alisema waziwazi kwamba wenye kuendelea na kelele ile ni bora wasije. Nakutajia kwa sababu hili ndilo somo la vitendo kuliko yote: katika mwezi wa kwanza kila kelele inatafuta kuwa mila. Klabu kongwe ina nyimbo ambazo hakuna anayekumbuka aliyezianzisha. Ya kwenu utamjua aliyeanzisha, pengine amekaa safu ya mbele yako. Basi fika mapema, kaa karibu na wenye ngoma, jifunze nyimbo zao hata kama ni mbovu (zetu mbili za mwanzo zilikuwa mbovu sana), na ukisikia jambo usilotaka mwanao alirithi, geuka useme siku hiyohiyo. Mama wa Chula Vista alimgeukia kijana mmoja nyuma yetu akamwambia maneno machache tu. Sikuyaelewa yote, ila kijana alikaa chini.

Kabla hujaanza utani na wenyeji, uliza mji umepoteza nini. Watu wa hapa waliachwa na Chargers, timu yao ya mpira wa Kimarekani, iliyohamia Los Angeles mwaka 2017. Kisha wakaipenda San Diego Loyal, timu ya daraja la chini iliyoanza ligi mwaka 2020 na ikafungwa baada ya msimu wa 2023, miezi tu baada ya MLS kutangaza kuja. Wapo waliokula kiapo hawatakanyaga Snapdragon, na wapo wanaokuja wakiwa wamevaa skafu ya Loyal chini ya koti. Ukimkuta wa namna hiyo, usimwambie asahau. Mnunulie soda. Mimi nimejifunza mengi ya mpira wa mji huu kutoka kwa mzee mmoja wa skafu ile kuliko kutoka tovuti yoyote.

Mtani, usimtafute kwa nguvu. Klabu itakuletea wa kutengenezwa na tangazo la bia, achana naye. Atakuja mwenyewe. Wetu alijileta Machi 29, LAFC walipokuja tukawafunga 3–2, ushindi wetu wa kwanza nyumbani. Tulishuka kwenye treni sauti zimekauka.

Ukikosa kwenda, mechi zote zinaonyeshwa Apple TV. Msimu ule wenye tiketi za msimu walipewa bure, kwa hiyo uliza kabla hujalipia mara mbili kama mimi. Nyumbani Tanga usiwaahidi watatazama pamoja nawe. Saa moja na nusu jioni ya huku ni alfajiri ya kule. Ndugu yangu alijaribu mara mbili, mara ya tatu akaniambia nimtumie matokeo.

Oktoba usifanye ahadi za harusi. Tulimaliza kileleni mwa Magharibi, pointi 63, sawa na Vancouver, tukawazidi kwa idadi ya ushindi, 19 kwa 18. Ile rekodi ya LAFC ikawa imevunjwa. Mechi ya mwisho tuliwatandika Portland 4–0 kwao, na raundi ya kwanza ya mtoano tukapangiwa haohao Portland. Raundi ile ni ya mechi tatu, anayeshinda mbili anapita, na sare inaamuliwa kwa penalti moja kwa moja. Weka akiba ya tiketi ya mechi ya tatu hata kama umeshinda ya kwanza. Sisi tulishinda 2–1, tukatoka 2–2 tukafa kwa penalti, tukamalizia 4–0. Kisha Minnesota 1–0, Dreyer tena. Kisha Vancouver.

La mwisho kabisa, nunua daftari. Tiketi siku hizi ziko kwenye simu, simu ikianguka na kumbukumbu imekwenda. La kwangu ni lile la shule lenye mistari, na kila nikirudi naandika tarehe, matokeo, nilikaa na nani, tulikula nini. Klabu haina mzee kwa sasa. Baada ya miaka 20 mtoto atauliza ilikuwaje mwaka ule, na atakayejibu ni mwenye daftari. Ukurasa wangu wa mwisho wa 2025 unasema hivi:

"Novemba 29, fainali ya Magharibi, nyumbani. Vancouver 3, sisi 1. Matatu yote kabla ya mapumziko. Lozano aliingia kutoka benchi akafunga letu, nikasimama na jezi yangu. Mkongo hakusema neno mpaka Grantville. Mama wa Chula Vista alilia, mjukuu akamshika mkono. Visheti vilibaki vinne, nikampa mtoto."