Somo: GnuCash kwa hesabu za nyumbani, M-Pesa na mchezo vikiwemo

Wakuu, habari za jioni. Somo nililoahidi ndilo hili.

Nimeandika matumizi kwenye daftari kwa muda mrefu, na kila mwisho wa mwezi hesabu ilisema tumekula kuliko tunachopata. Kumbe nikihamisha laki moja kutoka benki kwenda M-Pesa nilikuwa naandika "matumizi", halafu nikilipia unga kwa hiyo M-Pesa naandika tena. Shilingi ile ile, imeliwa mara mbili! GnuCash ilinitibu ugonjwa huo kwa sababu haikuachi uandike pesa imetoka bila kusema imekwenda wapi.

Ni programu ya bure, ipo tangu 1998, inakaa kwenye kompyuta yako (Windows, Mac au Linux). Ukishaipakua na kuiweka, huhitaji bando.

Hatua ya 1. Pakua kutoka gnucash.org, fungua faili jipya. Itakuuliza sarafu: chagua TZS, au KES kama uko Kenya. Itakupa pia orodha ndefu ya akaunti. Usiibebe yote, mengi humo ni mambo ya huko ilikotoka.

Hatua ya 2. Tengeneza akaunti zako. "Akaunti" hapa ni kapu lolote la pesa, si la benki tu. Chini ya Assets (ulichonacho) mimi nina Pochi, M-Pesa, Benki na Mchezo (ule wa kuchangishana na kupokezana kila mwezi). Chini ya Expenses (matumizi): Chakula, LUKU (umeme), Maji, Nauli, Ada, Makato, Ndugu. (Hilo la Ndugu msilicheke, lipimeni kwanza.) Msigawe mno. Nilianza na kapu la nyanya na kapu la vitunguu, wiki ya pili nikachoka.

Hatua ya 3. Weka salio la kuanzia. Hesabu ulichonacho leo, tuseme Pochi 40,000, M-Pesa 185,000, Benki 620,000. Kila kimoja kiandikwe kwamba kimetoka kwenye Opening Balances, iliyo chini ya Equity (mtaji wako). Jumla yako 845,000.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye somo. Umetoa 100,000 kwa wakala, na tuseme makato ni 3,000. Fungua akaunti ya M-Pesa, bonyeza Split (gawanya), uandike mistari mitatu: M-Pesa imepungua 103,000, Pochi imeongezeka 100,000, Makato 3,000. Matumizi yako hapo ni 3,000 tu. Ile laki bado ni yako, imehama mfuko. Ukienda nayo sokoni ukatumia 18,000, ndipo unaandika kutoka Pochi kwenda Chakula.

Fanya hivyo mwezi mzima uone kapu la Makato. Mimi nilipoliona niliacha kutoa elfu tano tano kwa wakala.

Hatua ya 5. Mwisho wa mwezi chukua taarifa ya benki, tumia Reconcile (kulinganisha), weka tiki mstari kwa mstari mpaka tofauti iwe sifuri.

Karibuni maswali.

Swali: Mkuu, imenitokea akaunti inaitwa Imbalance-TZS na sikuitengeneza. Nimeharibu?

Jibu: Hujaharibu. Kuna mahali umesema pesa imetoka bila kutaja ilikokwenda, ikaiweka hapo kwa muda. Ifungue, badilisha kila mstari uende kwenye kapu lake.

Swali: Sisi tuko kumi, tunacheza 50,000 kwa mwezi, mimi ni wa nne. Naandika kama matumizi?

Jibu: Hapana dada. Kila ukitoa, peleka kwenye akaunti ya Mchezo. Baada ya miezi mitatu itasoma 150,000, yaani unawadai wenzako. Mwezi wa nne unatoa 50,000 na kupokea 500,000, kwa hiyo inashuka hadi hasi 300,000. Usishtuke, hilo sasa ni deni lako: miezi sita iliyobaki mara 50,000. Wengi wakishapokea huona wamepata mapato, wakanunua friji, halafu mwezi unaofuata wanamkimbia kijumbe, yule anayekusanya michango.

Swali: Kompyuta tunatumia na shemeji. Naweka wapi neno la siri?

Jibu: GnuCash yenyewe haifungi faili kwa neno la siri. Tengeneza akaunti yako ya kuingilia kwenye Windows, faili likae huko. Na nakala kwenye flashi, tafadhali.

Swali: Sasa sokoni nabeba laptop?

Jibu: Ha ha, hapana mkuu. Ujumbe wa M-Pesa usiufute, na ya taslimu iandike nyuma ya risiti au popote. Mimi hukaa Jumapili usiku watoto wakilala, dakika ishirini. Isiyokumbukwa naiweka kwenye kapu nililoliita Sijui. Mwezi wa kwanza lilishinda la Nauli.